Wati Tano na Kopo la Jodari

Mwezi Agosti 1912, miezi minne baada ya meli ya Titanic kuzama, Rais William Taft wa Marekani alitia saini sheria iliyomtaka kila mwenye mtambo wa kurushia simu ya upepo awe na leseni ya serikali. Jeshi la majini lilikuwa likilalamika kwamba vijana wenye mitambo ya kujiundia wanavuruga mawasiliano ya meli. Sheria haikuwanyang'anya mitambo yao, ila iliwasogeza pembeni: wabaki kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, na nguvu yao isizidi kilowati 1. Wataalamu wa siku zile waliamini kwamba mawimbi marefu ndiyo yanayokwenda mbali, na kwamba mafupi hufia njiani. Wanaredio wa ridhaa, yaani watu wanaorusha na kupokea mawasiliano kwa mapenzi yao bila kulipwa, walikuwa wamepewa shamba la mawe.

Haikupita miaka 13, shamba hilo likawafikisha upande wa pili wa dunia. Katika safari hiyo walijifunza jambo ambalo hadi leo linawakusanya watu wa mabara yote kwenye mashindano ya aina yake, ambamo mshindani huongezewa pointi kadiri anavyotumia umeme mdogo. Wengi hushindana kwa mtambo walioulehemu kwa mikono yao wenyewe, na kwa msimbo wa nukta na vistari uliobuniwa kabla taa ya umeme haijaingia majumbani.

Msimbo huo ni wa Morse. Samuel Morse na mwenzake Alfred Vail waliuonyesha hadharani tarehe 24 Mei 1844, kwa waya uliotoka Washington hadi Baltimore. Mjerumani Friedrich Gerke aliurekebisha mwaka 1848, na mwaka 1865 mataifa yaliyokutana Paris kuunda umoja wa kimataifa wa telegrafu yakakubaliana kuutumia. Pwani ya Afrika Mashariki iliunganishwa na ulimwengu huo mwaka 1879, waya wa chini ya bahari ulipotandazwa kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban. Simu ya upepo ilipokuja iliukuta msimbo tayari, na hakuna kilichoifaa zaidi, kwa sababu mitambo ya mwanzo ilijua mambo mawili tu: kuwaka na kuzimika.

Hema la Ardrossan

Mwaka 1914 mvumbuzi Hiram Percy Maxim wa Hartford, Connecticut, akishirikiana na kijana Clarence Tuska, alianzisha chama cha American Radio Relay League, kinachojulikana kwa kifupi kama ARRL. Fikra yao ilikuwa nyepesi: kituo kimoja hakiwezi kuivuka Marekani, lakini vituo vikipokezana, ujumbe utavuka. Desemba 1915 chama kikatoa toleo la kwanza la jarida lake, QST. Vita Kuu ya Kwanza ilifunga vituo vyote vya ridhaa mwaka 1917, na viliporuhusiwa kurusha tena mwaka 1919, wanachama wakarudi na swali kubwa zaidi. Je, wimbi fupi la mtu binafsi linaweza kuvuka bahari ya Atlantiki?

Mwishoni mwa 1921 ARRL ilimtuma Paul Godley kwenda Uskoti na redio zake za kupokelea. Godley alipiga hema kando ya bahari huko Ardrossan, katika majira ya mvua na upepo mkali, akatandaza waya wa antena wenye urefu wa mamia ya mita juu ya nguzo fupi. Usiku baada ya usiku alikaa na visikizio masikioni. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba akapokea, herufi kwa herufi, ujumbe mzima kutoka kituo cha 1BCG kilichokuwa Greenwich, Connecticut. Miongoni mwa waliokijenga na kukiendesha kituo hicho alikuwamo Edwin Armstrong, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa uvumbuzi wa redio ya FM.

Hiyo ilikuwa njia ya upande mmoja. Mazungumzo ya kwanza ya pande mbili yalifanyika mwishoni mwa Novemba 1923, kati ya Léon Deloy aliyekuwa Nice, Ufaransa, na Fred Schnell aliyekuwa West Hartford. Walishuka hadi kwenye mawimbi ya karibu mita 100, chini zaidi ya pale wengine walipothubutu kujaribu, na wakasikilizana vizuri. Kumbe kadiri walivyoshuka, ndivyo umbali ulivyofunguka. Tarehe 18 Oktoba 1924 Frank Bell, mfugaji wa kondoo katika bonde la Shag huko New Zealand, aliongea kwa Morse na Cecil Goyder, mwanafunzi wa Mill Hill School jijini London. Mfugaji na mwanafunzi walikuwa wameiunganisha dunia kutoka ncha hadi ncha. Dada yake Frank, Brenda Bell, naye alishika mtambo, na mwaka 1927 akawa mtu wa kwanza kutoka New Zealand kuwasiliana kwa redio na Afrika Kusini.

Sababu ilikuwa juu mbinguni. Mwaka 1902 Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wameeleza kwamba huenda juu ya anga kuna tabaka linalorudisha mawimbi duniani. Mwishoni mwa 1924 Edward Appleton alithibitisha kwa vipimo kwamba tabaka hilo lipo, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Leo tunaliita ionosfia. Miale ya jua huchaji hewa nyembamba ya huko juu, na wimbi fupi linalopanda hupindishwa likarudi ardhini maelfu ya kilometa kutoka lilikotoka, kisha hudunda na kupanda tena. Hali ya tabaka hubadilika kati ya mchana na usiku, hubadilika kwa majira, na hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban miaka 11 kufuatana na madoa ya jua. Anayeijua saa nzuri na bendi nzuri hubebwa na anga. Asiyejua hupoteza umeme wake bure.

Mlio kutoka kwenye barafu

Thamani ya mawimbi mafupi ilionekana wazi mwaka 1928. Tarehe 24 Mei chombo cha angani kilichoitwa Italia, puto kubwa lenye injini lililoongozwa na Jenerali Umberto Nobile, kilifika Ncha ya Kaskazini. Kesho yake, kikiwa njiani kurudi, kilianguka kwenye barafu kaskazini ya visiwa vya Svalbard. Watu kumi walirushwa nje na mmoja wao akafa. Puto lililopoteza uzito likanyanyuka tena na kutokomea na watu wengine sita, ambao hawakuonekana tena.

Miongoni mwa vitu vilivyodondoka pamoja na waliosalimika ulikuwamo mtambo mdogo wa dharura wa mawimbi mafupi, uitwao Ondina. Fundi wa redio Giuseppe Biagi aliusimamisha, akaunda mlingoti kutokana na vyuma vya mabaki, na akaanza kugonga SOS. Meli yao ya msaada, Città di Milano, ilikuwa imetia nanga Svalbard, karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Siku zilipita bila jibu.

Tarehe 3 Juni, katika kijiji cha Voznesenye-Vokhma nchini Urusi, zaidi ya kilometa 2,000 kutoka kwenye barafu ile, kijana Nikolai Schmidt alikuwa akizungusha vifundo vya redio aliyoijenga mwenyewe. Akanasa vipande vya ujumbe wa Morse: jina la Italia, jina la Nobile, na SOS iliyorudiwa. Hakujua mahali palipotajwa ni wapi, lakini alijua alichosikia, na akapiga telegramu Moscow. Habari ikazunguka dunia. Biagi, aliyekuwa akisikiliza matangazo kwa redio yake ya kupokelea, akajua kwamba wamesikika. Baada ya hapo mawasiliano na meli yakapatikana, na tarehe 12 Julai meli ya Urusi ya kuvunja barafu, Krasin, ikawaokoa wa mwisho.

Mwisho wa Schmidt haukuwa wa haki. Serikali ya nchi yake ilimkamata wakati wa Vita Kuu ya Pili na kumuua mwaka 1942, na ilichukua miongo kadhaa kabla jina lake halijasafishwa. Historia ya redio inamkumbuka kama mtu aliyesikia kile ambacho meli yenye mitambo ya serikali haikukisikia, kwa redio ya kujiundia na subira ya usiku.

Mbio za kilowati

Mashindano yalizaliwa katika miaka hiyohiyo. Kuanzia 1927 ARRL iliandaa siku maalumu za kuwasiliana na nchi za nje, mwaka 1930 ikaanzisha mashindano ya ndani yaitwayo Sweepstakes, na Juni 1933 ikafanya Field Day ya kwanza, ambapo wanachama hutoka nje ya nyumba zao na kuendesha vituo porini kana kwamba maafa yametokea. Kanuni ya msingi haijabadilika tangu hapo. Ndani ya saa zilizopangwa, ongea na vituo vingi uwezavyo, mpeane taarifa zilizotakiwa bila kosa, na kila jimbo au nchi mpya unayoipata huzidisha pointi zako.

Baada ya vita, mitambo ya kijeshi iliyobaki iliuzwa kwa bei ya kutupa. Viwanda navyo vikaanza kutengeneza redio nzuri zilizokamilika, na kujenga mwenyewe kukapungua. Katika mashindano makubwa, anayetaka ushindi aliweka minara mirefu, antena za kuzunguka na amplifaya yenye nguvu yote iliyoruhusiwa na sheria. Mwenye kituo kidogo alifunikwa na makelele ya wakubwa, akaonekana msindikizaji tu.

Mwaka 1961 Harry Blomquist wa California, mwenye alama ya wito K6JSS, aliwaita waliochoshwa na mbio hizo waungane. Chama alichokianzisha, QRP Amateur Radio Club International, kilichukua herufi tatu ambazo wapiga simu walizitumia tangu zamani kuombana wapunguze nguvu. Mwanzoni kikomo chao kilikuwa wati 100, kiasi ambacho wakati ule kilihesabiwa kuwa cha wastani. Baadaye kikashuka hadi wati 5, na ndicho kinachotambuliwa duniani kote leo kwa Morse. Wati 5 ni pungufu ya umeme wa balbu ya kawaida ya LED ya sebuleni.

Hesabu inaonyesha kwamba hawakuwa wakiota. Redio nyingi hupima ukubwa wa mlio kwa vipimo vya 1 hadi 9, na kuongeza kipimo kimoja kunahitaji nguvu mara nne. Kituo cha wati 100 kikisikika kwa kipimo cha 9, kikishushwa hadi wati 25 kitakuwa 8, na kikishushwa hadi wati 6 na robo kitakuwa 7. Kwa hiyo mwenye wati 5 yuko vipimo viwili na kidogo tu nyuma ya mwenye wati 100. Morse inamwongezea nafuu nyingine. Sauti ya mtu huhitaji upana wa hezi zipatazo 2,400, ilhali mlio wa Morse hupita kwenye chujio la hezi 200 au 300, ambalo huacha nje sehemu kubwa ya makelele. Sikio lililozoea humalizia kazi, kwa sababu mtu anaweza kuufuata mlio ambao umezama karibu kabisa ndani ya mvumo wa anga.

Chama cha Blomquist kilianzisha pia hati ya heshima kwa yeyote atakayefikisha maili 1,000 kwa kila wati, yaani kilometa zipatazo 1,600. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni karibu kilometa 7,500, basi atakayefika huko kwa wati 4 amestahili. Rekodi inayotajwa sana ni ya vituo viwili, kimoja cha Alaska na kingine cha magharibi ya Marekani, vilivyosikilizana kwenye bendi ya mita 10 kwa umbali unaozidi kilometa 2,600, kwa nguvu ya mikrowati 1, yaani sehemu moja ya milioni ya wati.

Kasisi na mhariri

Kilichowapa wapenzi wa nguvu ndogo ujenzi wa mikono ni transista, iliyozaliwa katika maabara za Bell mwishoni mwa 1947. Mitambo ya zamani ya valvu za kioo ilihitaji mamia ya volti na sanduku zito. Transista iliridhika na betri ya volti 12, na wati moja au mbili ndicho kiasi ambacho transista ya bei rahisi ilikiweza vizuri. Udogo ambao viwanda viliuona kuwa upungufu ukawa ndio mlango wa mafundi wa nyumbani.

Huko Uingereza aliyeufungua ni George Dobbs, kasisi wa Kanisa la Anglikana mwenye alama ya wito G3RJV. Mwaka 1972 alikuwa ameandika kitabu kidogo katika mfululizo wa Ladybird kinachomfundisha mtoto kujenga redio ya transista, na vijana wengi wa Uingereza waliingia kwenye elektroniki kupitia kurasa zake. Mwaka 1974 akaanzisha G-QRP Club na jarida lake SPRAT, linalotoka mara nne kwa mwaka. Kurasa zake hazikujaa nadharia. Zilijaa michoro: mtu amejaribu sakiti, imefanya kazi, ameichora na kuituma ili mwenzake aijenge wikiendi inayofuata. Dobbs alihudumu parokiani Rochdale huku akihariri jarida, na aliendelea kulilea kwa miongo. Alifariki mwaka 2019.

Upande wa Marekani alikuwapo Doug DeMaw, W1FB, aliyesimamia mambo ya ufundi katika QST. Toleo la Mei 1976 lilibeba mchoro wake alioupa jina la Tuna-Tin 2. Mtambo huo wa kurushia unastahili kutazamwa kwa karibu. Msingi wake ni kopo tupu la samaki jodari, lililogeuzwa kuwa kiti cha sakiti. Juu yake zipo transista mbili ndogo, za aina ambayo duka lolote la vipuri lilikuwa nayo. Ya kwanza hutetema kwa kufuata kristali iliyokatwa kwa masafa ya megahezi 7, na kipande hicho cha kristali ndicho kinachoufanya mlio usiyumbe. Ya pili hupokea mtetemo huo na kuukuza. Koili na kapasita za mwisho huusafisha mlio kabla haujapanda kwenye antena. Bonyezo la Morse hukata na kuunganisha umeme. Kinachotoka ni kama theluthi moja ya wati, na kwa kiasi hicho watu wengi wamevuka majimbo na mipaka ya nchi.

Mwaka uliofuata DeMaw na mhandisi Wes Hayward walitoa kitabu cha *Solid State Design for the Radio Amateur*, kilichowatoa wasomaji kwenye kunakili michoro na kuwafundisha kuibuni yao. Mwaka 1993 wanaredio wa kaskazini mwa California waliunda klabu ya NorCal, na Wayne Burdick akawabunia redio ndogo ya Morse ya bendi ya mita 40 iliyouzwa kama furushi la vipuri la kujiunganishia. Profesa David Rutledge wa Caltech aliichukua redio hiyo akaifanya msingi wa somo lake chuoni na wa kitabu chake cha 1999. Wanafunzi wa moja ya vyuo vikubwa vya sayansi duniani walijifunza elektroniki kwa kulehemu redio ya wati 2.

Nchini India, mwaka 2003, Ashhar Farhan wa Hyderabad alitoa mchoro wa redio ya sauti iitwayo BITX. Alijua vizuri kwamba fundi wa nchi yenye maduka machache ya vipuri hawezi kungoja kifurushi kutoka ng'ambo, hivyo akabuni kwa vitu vinavyopatikana mtaani. Koili zake aliziviringisha kwenye washa za plastiki za bomba la maji.

Sheria za mchezo

Mashindano ya nguvu ndogo yamegeuza kipimo cha ushindi juu chini. Katika mashindano ya chama cha Blomquist, mwenye kurusha kwa wati 1 hadi 5 huzidishiwa pointi zake mara 7. Akishuka chini ya wati 1 huzidishiwa mara 10, chini ya miliwati 250 mara 15, na chini ya miliwati 55 mara 20. Katika mbio zao za mitambo ya kujiundia, aliyejenga mtambo wa kurushia huongezewa pointi, aliyejenga wa kupokelea huongezewa zaidi, kwa sababu huo ni mgumu zaidi kuutengeneza. Hata Field Day humzidishia mara 5 mwenye wati 5 anayetumia betri au jua badala ya umeme wa gridi au jenereta.

Wajerumani wamelisukuma wazo hili mbele zaidi. Chama cha wapenzi wa Morse, AGCW, kilichoanzishwa mwaka 1971, huandaa kila Novemba mashindano ya mitambo ya kujiundia na ya kizamani, na madaraja hupangwa kwa kutazama ni upande upi mshindani ameujenga mwenyewe. Mashindano mengine ya huko huhesabu vipuri, na redio nzima haitakiwi kuzidi vipande 100. Marekani kuna mashindano ya Julai ambayo washiriki huenda porini kwa miguu, baiskeli au mtumbwi na kurusha kwa saa 4. Kulikuwa na mengine yaliyogawanya pointi kwa uzito wa kituo chote, betri ikiwamo. Huko Arizona klabu moja imeweka mashindano ya Februari ambayo baridi kali zaidi huleta kizidisho kikubwa zaidi.

Dakika moja ya mashindano hayo hupita hivi. Mshindani ameweka redio kwenye megahezi 14.060, mahali ambapo watu wa nguvu ndogo hukutana. Kwanza anasikiliza, kwa sababu mwenye wati 5 akikurupuka hupotea. Anasikia CQ hafifu, yaani wito wa kumwalika yeyote ajibu. Anasubiri kundi la wenye nguvu limalize, anasogeza masafa yake kidogo pembeni ili mlio wake utofautiane na wa wengine, kisha anagonga alama yake ya wito mara moja. Jibu linarudi na 5NN, ambayo ni 599, alama ya kusikika vizuri. Tarakimu 9 kwa Morse ni vistari vinne na nukta, herufi N ni kistari na nukta, na katika mashindano kila sekunde ina thamani. Anarudisha yake, anataja nguvu yake, anaandika saa na wito kwenye daftari, na wote wawili wanaendelea. Kituo kilichosomwa vibaya hukatwa wakati wa kusahihisha, hivyo usahihi hushinda papara.

Wati moja kutoka Kenya

Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa setilaiti na redio za kidijitali ulichukua rasmi nafasi ya Morse katika usalama wa meli. Mwaka 2003 mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Geneva uliondoa sharti kwamba kila mwanaredio wa ridhaa wa mawimbi mafupi lazima ajue Morse, na Marekani ikaufuta mtihani huo Februari 2007. Wengi walidhani msimbo umefika mwisho wake. Ukisikiliza bendi hizo wikiendi ya mashindano utaukuta umejaa tele, na wanaoutumia sasa wameuchagua wenyewe.

Afrika Mashariki imo ndani ya historia hii. Taasisi ya Northern California DX Foundation, pamoja na umoja wa kimataifa wa vyama vya redio ya ridhaa, iliweka mtandao wa vituo 18 duniani vya kupimia anga. Kimojawapo ni 5Z4B cha Kenya. Kila dakika tatu zamu ya kituo hufika, nacho hutaja wito wake kwa Morse na kurusha vistari vinne vya sekunde moja: cha kwanza kwa wati 100, cha pili kwa wati 10, cha tatu kwa wati 1, cha nne kwa sehemu ya kumi ya wati. Msikilizaji wa Ulaya au Asia anayekisikia kistari cha tatu amepata ushahidi, kwa masikio yake, kwamba wati moja imetoka Kenya na kumfikia.

Lakini vituo vyetu vya kuongea ni vichache. Katika mashindano ya dunia, alama za 5H za Tanzania, 5Z za Kenya, 5X za Uganda, 9X za Rwanda, 9U za Burundi na 9Q za Kongo ni hazina inayotafutwa, kwa sababu kila nchi huongeza kizidisho. Mara nyingi anayezitumia ni mgeni aliyekuja kwa wiki mbili na redio ya kununua. Hilo linaweza kubadilika bila bajeti kubwa. Vyuo vya ufundi, vya VETA nchini Tanzania na vya nchi jirani, vina meza, vyuma vya kulehemia, mafundi na vijana wanaojua kuivua transista kwenye ubao wa televisheni mbovu. Redio ya Morse ya wati 2 inafundisha sheria ya Ohm, kristali, chujio, antena na tabia za anga, na mwanafunzi hupewa alama yake na mtu aliye bara jingine aliyemsikia au aliyeshindwa kumsikia.

Kurusha bila leseni ni kosa, na leseni zipo. Nchini Tanzania hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na nchini Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano, ambako pia kuna Amateur Radio Society of Kenya inayopokea wanachama wapya. Kusikiliza kunaweza kuanza mapema zaidi. Tafuta redio yenye mawimbi mafupi na uwezo wa kupokea Morse, funga waya wa mita kumi kwenye mti au dirishani, nenda kwenye megahezi 14.100 mchana, na utegee vistari vinne vya Kenya. Walimu wa ufundi wanaosoma haya waanze na wanafunzi watano na mchoro mmoja.